Kiti cha Kwanza cha Hemjord

Chama cha Hemjord kilianzia gerejini kwa Sixten Rydell, majira yale ya baridi ambayo serikali ilileta wakimbizi katika hoteli ya zamani pale kijijini Kvarnaryd. Wanaume wanane walikalia matairi na makreti ya bia, wakasema nchi imeuzwa, wakarudia kusema, mpaka mmoja wao akalalamika kwamba vidole vimemfa ganzi na hakuna hata kahawa. Sixten akatoka nje, akaita kuelekea dirisha la jikoni.

"Signe, unaweza kutuchemshia kitu?"

Signe alikuwa dada yake mdogo. Hakuwahi kuolewa. Alipika katika shule ya kijiji, na tangu mama yao afariki aliishi na kaka yake katika nyumba ileile waliyozaliwa. Alichemsha kahawa, na kwa kuwa wageni ni wageni, akapanga sinia kama mama yake alivyomfundisha: aina saba za keki na biskuti. Si sita, maana sita ni ubahili. Wala si nane, maana nane ni kujionyesha. Wale wanaume walinyamaza kidogo sinia lilipoingia. Wiki iliyofuata walikuja wengi zaidi.

Kwa hiyo mtu akitaka kuandika historia ya Hemjord kwa haki, itambidi aanzie kwenye jiko la Signe. Yeye mwenyewe hakusikiliza sana. Aliingia na birika, akatoka na vikombe. Alisikia "hawa watu" na "watoto wetu" na "kabla hatujachelewa", maneno yakampita kama redio ya jirani. Akienda kulala aliwaombea wote waliokunywa kahawa yake, mmoja mmoja kwa jina. Kisha aliwaombea wale wa hotelini, ambao majina yao hakuyajua.

Jina la Hemjord, yaani udongo wa nyumbani, alilichagua Sixten. Alitunga pia wimbo wa chama, ambao hakuna aliyewahi kuuimba mpaka mwisho kwa sababu sauti yake ilipanda mno katikati. Chama kiligombea halmashauri ya wilaya mara nyingi, na kila mara kilipata kura za kutosha kuwatia watu wasiwasi, lakini hazikutosha kupata kiti hata kimoja. Baadaye akaja kijana mmoja, Bo-Göran, aliyetaka buti nyeusi na maandamano. Sixten alitaka tai na adabu. Waligombana jikoni, mbele ya Signe, keki zikiwa hazijaguswa, na Bo-Göran akaondoka na nusu ya wanachama pamoja na kipaza sauti. Miaka ikapita, chama kikubwa kikaibuka huko mji mkuu, kikisema yaleyale kwa suti nzuri zaidi, na wapiga kura wa Hemjord wakahamia huko.

"Wametuibia maneno," alisema Sixten. "Sisi tulitukanwa kwa maneno haya. Wao wanapigiwa makofi."

Wazee waliobaki walianza kufa. Ilifika wakati mikutano ikarudi kutoka ukumbi wa michezo hadi sebuleni, na kutoka sebuleni hadi meza ya jikoni.

Jambo ambalo mgeni asingeamini ni kwamba rafiki mkubwa wa Sixten katika miaka hiyo yote alikuwa Senad, mmoja wa watu wa hotelini. Senad alikuja kutoka Bosnia na mke wake Fahira, wakiwa na begi moja. Alipata kazi katika kiwanda cha kupasua mbao ambako Sixten alikuwa msimamizi. Senad alijua mashine kama daktari anavyojua mwili. Trekta la Sixten lilipogoma, Senad ndiye aliyeitwa, na alikuja hata Jumapili.

"Mwenyekiti," angesema akiwa amelala chini ya trekta, miguu tu ikionekana, "chama hakijambo?"

"Kinaendelea."

"Sasa leo unanifukuza asubuhi au jioni? Nijue kama nifunge hii nati au niiache."

"Funga kwanza."

"Basi nipe spana. Na umwambie dada yako nimesikia harufu ya iliki."

Walicheka wote wawili, na Sixten alicheka kwa dhati. Signe alipowahi kumuuliza anawezaje, kaka yake alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Senad ni Senad," alisema. "Mimi nazungumzia sera."

Huku nyuma Signe na Fahira walikuwa wamefanyana ndugu. Walikutana kwenye darasa la jioni la kanisa, ambako Signe alisaidia wageni kujifunza lugha. Fahira alijifunza polepole, akaishia kuizungumza kwa lafudhi ya kijiji, na kusema kwake ukweli kulimshangaza hata mchungaji.

Ndipo ulipokuja uchaguzi wa kanisa. Katika nchi ile, washirika huchagua baraza la usharika wao kwa kura, na vyama vya siasa navyo huweka wagombea, kwa kuwa zamani kanisa na serikali vilikuwa nyumba moja. Watu wengi hawaendi kupiga kura. Sixten aliliona hilo kama mlango ulioachwa wazi.

"Kura chache tu, Signe. Mara moja maishani mwangu nataka kuona Hemjord imekaa kwenye kiti."

"Kwa ajili ya kufanya nini kanisani? Wewe hata Pasaka huji."

"Kulinda kilicho chetu. Nahitaji majina ya watu waliobatizwa. Nina langu, nina la mzee Helmer, mwanachama pekee aliyebaki, na Helmer ana miguu miwili kaburini. Weka lako. Utakuwa wa mwisho kwenye orodha, hakuna kitakachokupata."

"Kaka, mimi si mtu wa siasa."

"Ni jina tu. Nimekuomba nini maisha yangu yote zaidi ya kahawa?"

Signe aliomba jioni ile, akipiga magoti kando ya kitanda kama alivyofanya tangu kipaimara. Hakusikia jibu. Akauchukua ukimya kuwa ni ruhusa, akaweka jina lake.

Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha. Waliofika ukumbini walikuwa wale ambao hufika daima: wanakwaya, wajane, wanafunzi wa kipaimara waliotimiza miaka kumi na sita na kulazimishwa na bibi zao. Karatasi zilipangwa mezani, kila kundi na rangi yake, na mpiga kura anaruhusiwa kuweka alama mbele ya jina la mtu anayempenda ili apande juu ya orodha. Waliyatazama majina ya vikundi vyote, wakakuta watu wasiowajua, au wanaowajua na hawawapendi. Kisha wakaona Signe Rydell. Signe wa kahawa baada ya ibada. Signe aliyewapikia watoto wao shuleni. Jina la chama lililokuwa juu ya karatasi hawakulisoma, au walilisoma wakasema lazima kimebadilika, kama yeye yumo. Wakaweka alama.

Matokeo yalipotangazwa, Hemjord ilikuwa imepata kiti kimoja, cha kwanza katika historia yake. Na kwa wingi wa alama kiti kilikuwa cha Signe, si cha Sixten.

Sixten alikaa muda mrefu jikoni bila kuvua koti. Uso wake ulikuwa na furaha na maumivu visivyoachana. "Miaka yote hii nimewahubiria," alisema mwishowe, "kumbe walikuwa wanangoja keki."

"Nitajiuzulu. Wewe uingie."

"Hapana. Ukiondoka, uchaguzi ujao hatutapata kitu. Kaa. Nitakuambia cha kusema."

Kabla ya Krismasi Senad alianza kukohoa. Kufikia mwaka mpya walijua ni mapafu, na kwamba hospitali haikuwa na la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Alirudishwa nyumbani. Sixten alimtembelea kila siku, akakaa kando ya kitanda akimsomea habari za mashine zilizotangazwa kuuzwa gazetini.

Fahira alikuja kwa Signe asubuhi moja, theluji ikiwa imefika magotini. Hakuketi.

"Dada Signe, sitaki kuzunguka. Senad anataka kuzikwa hapa."

"Bila shaka azikwe hapa. Wapi tena?"

"Hakuna sehemu yetu. Mtu wetu hulazwa ubavu, uso uelekee Makka. Makaburi yenu yamepangwa vingine, na yote yamejaa familia. Walituambia iko sehemu mjini, mwendo wa saa mbili. Mimi siendeshi gari, macho haya unayaona. Nitakwenda kwa basi gani? Watoto wetu wako mbali. Nikimpeleka huko, nitakuwa nimempoteza mara mbili. Hapa ningetembea kila Ijumaa. Ni kutoka mlango wangu mpaka ukuta wa kanisa. Mchungaji anasema baraza ndilo linaloamua. Na wewe umo."

Signe alimshika mikono, iliyokuwa baridi kama vyuma. "Nitasema," aliahidi.

Mchungaji Torun alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kikohozi cha kudumu na moyo mkubwa. Alikwisha pata mahali: pembe ya kaskazini ya makaburi, nyuma ya mierezi, ambapo palikuwa na nyasi tu na toroli bovu. Makaburi manane, pengine kumi, yangetosha. Alipeleka pendekezo kwenye kikao cha Machi.

Nyumbani Sixten alilisoma pendekezo lile akiwa amesimama.

"Hili haliwezekani," alisema.

"Ni kwa ajili ya Senad."

"Senad hana neno. Nikiambiwa nimzike Senad mwenyewe kwa mikono yangu, nitachimba. Lakini hapa hawajaandika Senad. Wameandika sehemu. Leo pembe, kesho nusu ya makaburi, na sisi tutazikwa wapi?"

"Kaka, kijijini hapa wako familia tatu."

"Kila kitu huanza na tatu." Akakunja karatasi vizuri, akaipapasa. Sauti yake ilishuka. "Signe, sijawahi kukulazimisha. Lakini kile kiti si chako peke yako. Ni cha Helmer, ni cha wote waliokufa wakingoja. Ukisema ndiyo, Hemjord itakuwa imefungua makaburi. Watanicheka mpaka na mimi niingie humo."

Signe aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Siku zilizofuata aliomba jikoni, aliomba njiani, aliomba kwa maneno ya zaburi maana yake mwenyewe yalikwisha. Alimpenda kaka yake. Alimjua alivyolia mbwa wao alipokufa, alivyomkatia mama yao kucha mpaka siku ya mwisho. Ombi lake lilikuwa moja: Bwana, nipe njia ambayo haitamuumiza yeyote. Na kila alipofumbua macho, njia ile haikuwepo.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa usharika, chini ya picha za wachungaji wa zamani. Wajumbe walikuwa kumi na watano. Vikao ni vya wazi, na kwenye kiti cha wasikilizaji, karibu na mlango, alikaa Sixten peke yake amevaa tai ya chama.

Mchungaji Torun alieleza. Alieleza vizuri, bila kumtaja mgonjwa, kwa kuwa sheria inakataza, ingawa kila mtu alimjua. Kisha mwenyekiti wa baraza, Gun-Marie Flod, akafungua mjadala. Gun-Marie alikuwa wa kundi kubwa, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima ambaye kwa miaka mingi alivuka barabara ili asikutane na Sixten.

Signe alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Hakuwahi kusema katika kikao chochote. Alisimama, ingawa hakuna aliyesimama.

"Mimi nasema wapewe," alisema. Alikuwa ameandaa mengine, juu ya Fahira na Ijumaa, juu ya Yusufu wa Arimathaya aliyetoa kaburi lake kwa mtu ambaye hakuwa wa ukoo wake, lakini maneno yakatawanyika. "Wapewe tu. Ni majirani."

Akaketi. Hakugeuka kutazama mlangoni. Katikati ya hofu alihisi kitu chepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Alidhani lile gumu limekwisha.

"Tunakushukuru sana, Signe," alisema Gun-Marie, na kweli alionekana kuguswa. "Nadhani sote tunahisi hivyo moyoni. Lakini lazima tufikiri kama viongozi. Watu wana wasiwasi, na wasiwasi wa watu tusiudharau. Wanauliza: leo ni pembe, je, kesho? Wanauliza wao wenyewe watazikwa wapi. Mimi siyasemi haya kwa niaba yangu."

Signe aliinua kichwa. Maneno yale aliyajua. Aliwahi kuyakunja mara tatu-tatu kwenye vipeperushi vya Hemjord, mamia kwa mamia, mezani pake.

"Tukilipitisha hili haraka," aliendelea Gun-Marie, akiteremsha sauti, "tutakuwa tunawapa nguvu watu fulani. Mwaka jana walipata kiti kimoja. Uchaguzi ujao watapata vitatu. Njia bora ya kuizuia Hemjord ni kutowapa sababu."

Vichwa vikaitikia kwa wingi.

"Lakini Hemjord ni mimi," alisema Signe.

Wote wakamgeukia.

"Hicho kiti ni changu. Mimi ndiye Hemjord, na mimi nasema ndiyo. Sasa mnamwogopa nani?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kicheko cha upendo, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyesema jambo zuri mezani. Mjumbe aliyekaa kando yake akampapasa bega. "Signe wetu," alisema. "Wewe si wa kule, mama. Sote tunajua."

Wakaamua kama ambavyo watu wale huamua jambo ambalo hawataki kulikataa. Hakuna aliyesema hapana. Suala lilirudishwa kwa uchunguzi: udongo upimwe, usharika jirani uulizwe, wananchi watoe maoni, na ripoti ije kikao cha vuli. Waliopinga kurudishwa walikuwa Signe na kijana mmoja wa kwaya aliyeinua mkono nusu; Mchungaji Torun alitikisa kichwa, lakini hakuwa na kura. Kisha wakanywa kahawa.

Garini Signe alingoja kutukanwa. Sixten aliwasha gari, akaliacha lipate joto, akifuta kioo kwa mkono wa koti.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Najua, kaka. Nisamehe."

"Lakini umemsikia Gun-Marie?" Akamgeukia, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya kijana. "Neno kwa neno, Signe. Neno kwa neno. Miaka yote hii alikuwa anatusoma." Akaendesha polepole mpaka nyumbani, na kabla hawajafika alikuwa anaimba chini kwa chini ule wimbo wake, na pale sauti inapopanda akashusha, akapita.

Signe alikwenda kumwambia Fahira siku ileile. Fahira alisikiliza, kisha akauliza, "Vuli ni lini hasa?"

"Oktoba."

Fahira alitazama mlango wa chumba cha kulala, ambako Senad alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Senad ndiye aliyejibu, kutoka ndani, sauti imebaki nyuzi.

"Mwambie Mwenyekiti ameshinda. Anifukuze tu, nati nimefunga."

Alifariki wiki ya mwisho ya Aprili, barafu ya ziwa ikiwa imeanza kukatika. Wenyeji wa pale hungoja hata wiki tatu kabla ya kuzika. Fahira alitaka kesho yake, na kesho yake Senad alizikwa, katika mji ule wa mbali, na wanaume wa msikitini ambao hawakumjua. Usharika ulituma shada la maua lenye jina la Gun-Marie.

Signe alijiuzulu mwezi Mei. Hakuna aliyekuwa tayari kuchukua nafasi: Helmer alikwisha kufa, na Sixten alisema daktari amemkataza vikao. Kiti kikabaki wazi, na Hemjord, ambayo haikuwa na mkutano tena wala mwanachama wa pili, ikaisha bila mtu kutangaza. Ripoti ya uchunguzi ilipokuja Oktoba, baraza liliona kwamba kwa sasa hapana mahitaji.

Fahira alijaribu basi. La kwanza lilimfikisha njia panda, la pili lilikuwa limekwisha ondoka. Alikaa kwenye kibanda cha kituo mpaka dereva wa lori la maziwa akamrudisha. Sixten alipopata habari alikasirika sana.

"Mwanamke mzima anakaa barabarani kama mzigo," alisema. "Nitampeleka mimi."

Hivyo Ijumaa moja walikwenda wote watatu. Fahira alikaa mbele kwa sababu ya macho yake, Signe nyuma, kapu la maua miguuni. Walipita misonobari, wakapita kiwanda kilichofungwa, wakapita makanisa ya vijiji vya wengine. Safari nzima Sixten alizungumza juu ya Senad: jinsi alivyosikia kwa sikio tu kuwa msumeno umeanza kupinda, jinsi asivyokubali malipo. Fahira aliitikia "ndiyo" na "kweli". Signe alijaribu kuomba. Alianza mara nyingi, na kila mara alifika kwenye jina la kaka yake akakwama, asijue amwombee nini mtu ambaye hakujua amefanya nini.

Makaburi yalikuwa kando ya barabara kuu, tambarare, na upepo ulipita bila kizuizi. Fahira alipiga magoti. Sixten alivua kofia, akasimama nyuma yake, machozi yakamtiririka wazi wazi mpaka kwenye kidevu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akavaa kofia, akatazama magari yanayopita, akatazama saa yake.

"Lakini ni mbali sana hapa," alisema, kwa uchungu wa kweli. "Mtu atakujaje kila wiki? Wangemweka karibu na nyumbani."

Fahira aliendelea kung'oa majani kaburini. Signe alifungua kinywa, akaona uso wa kaka yake ulivyolowa, uso wa mtu aliyefiwa, akakifunga. Akainama, akamsaidia Fahira kung'oa.